Kinga za Mlinda Mlango

Wewe unayecheza kandanda hapa Endasak, chini ya mlima Hanang, bila shaka umepata kudaka mkwaju mkali, viganja vikawaka moto. Sasa ufikirie mpira wa magongo. Ni mdogo, ni mgumu, uzito wake ni gramu 160 hivi, nao hupigwa kwa gongo. Mlinda mlango wa mchezo huo huvaa kofia ngumu yenye wavu usoni, na kinga nene za sponji miguuni na mikononi. Wako wanaomcheka, wakisema ni mwoga. Mimi sikubaliani nao.

Chukua mayai mawili. (Kwanza umwombe mama ruhusa, mayai ni chakula.) Angusha moja juu ya jiwe, na la pili, kutoka kimo kile kile, juu ya rundo kubwa la majani makavu. La kwanza litapasuka. La pili huenda likapona, kwa kuwa majani hubonyea na yai husimama polepole. Kitu kikisimama polepole, kani inayokigonga hupungua. Sponji nayo hubonyea vivyo hivyo. Tena huitawanya kani juu ya eneo kubwa la mguu.

Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, timu ya Tanzania ya mpira wa magongo ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. Watu hukumbuka mabao. Mimi humfikiria aliyesimama langoni. Shule ikipata fedha kidogo za michezo, naona inunue glavu za mlinda mlango kabla ya jezi.