Tiara Ndogo, Uzi Mnene

Nina neno kuhusu pesa za tiara. Upepo wa Longonot mnaujua. Alasiri hata kofia haikai kichwani. Muhula uliopita tulichanga, tukaunda tiara kubwa kama mlango. Ilipanda, ikavuta, uzi ukamkata mwenzetu viganja, kisha ukakatika. Tiara ikaenda zake upande wa Mai Mahiu!

Sasa wengine wanataka kubwa zaidi. Jamani! Si tumefunzwa fizikia? Kasi ya upepo ikiwa mara 2, nguvu yake huwa mara 4. Hata wale wanaoteleza baharini kwa tiara kule Diani, upepo ukizidi huchukua tiara ndogo.

Yetu basi iwe ndogo, ya mwanzi na karatasi ngumu (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017), na mkia mrefu wa matambara, ambayo ni ya bure. Pesa ziende kwa uzi mnene na glavu. Najua tiara ndogo haina madaha, na shule jirani watatucheka. Wacheke. Mweka hazina, tafadhali nunua uzi kwanza. Yule mwenzetu bado ana kovu.