Mita 60 za nani?

Jamani, shuleni sikupenda hesabu, lakini hii nimeipiga mwenyewe nyuma ya tiketi ya basi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haya, chukua kijito cha kilomita moja, kata mita 60 huku na 60 kule. Unapata hekta 12, karibu ekari 30. Na hapa Usoke, kiangazi kikikaza, ardhi yenye unyevu ndiyo benki.

Bondeni nilimkuta mama mmoja anang'oa miche ya nyanya yenye maua.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Wamenipa siku saba."

Bwana mmoja alikuja na kamba ya kupimia. Nikamuuliza mama kama kamba ile ilifika kwenye mabani ya tumbaku kule juu. Akacheka tu.

Msinielewe vibaya, sitetei kulima mpaka kwenye maji. Maji ya huku yanaishia Malagarasi, na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2000. Mto ukijaa udongo, hasara ni ya wote. Ninachokataa ni bili nzima kupelekewa mwenye matuta matano ya nyanya.

Mto hauharibiwi ukingoni peke yake! Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni, na kuni zinatoka kwenye miombo. Miombo ikiisha kule juu, mvua inateremka na udongo wake... hizo mita 60 zitazuia nini? Najua, wakulima wa tumbaku wanatakiwa kupanda miti. Vizuri, ila mche wa mwaka huu haukaushi tumbaku ya mwaka huu. Wala simlaumu mkulima, naye bei anapangiwa. Namtazama anayenunua jani. Ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na hicho kidogo kikifika halmashauri kinagombaniwa na madawati, barabara na posho. Kijito hakina diwani.

Mirambo, aliyetawala hapa Urambo, alitoza hongo kila msafara uliopita kwenda Ujiji. Siku hizo hongo ilikuwa ada ya njia, kabla neno halijachafuka. Aliyepita alilipa. Leo jani linapita, anayelipa ni mama wa nyanya.

Mtaniambia hifadhi ni ghali. Sisi wa Tabora mjini tunakunywa maji ya Ziwa Victoria tangu 2021, kwa bomba la mkopo wa India. Ulizeni bei yake.

Sehemu ya ushuru wa tumbaku itengwe kisheria kwa vyanzo vya maji, na mwenye bustani achimbiwe kisima nje ya mita 60 kabla ya kamba kuja, si baada.

Nilipoondoka alikuwa amebakiza matuta mawili. Siku ya saba ilikuwa Jumamosi.