Jamani, acheni scp kwa mizigo mizito!

Wadau, niseme wazi: ninyi mnaopakia gigabaiti 40 kwa scp kutoka Kisumu mnajitesa bure. Pigeni hesabu. Kwa megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni karibu saa 9, na stima ya huku mnaijua. Laini ikikatika, scp inaanza faili upya toka sifuri, na bando mnalipia mara mbili. Halafu lawama zote kwa SEACOM na TEAMS, kebo zilizofika Mombasa 2009!

rsync ipo tangu 1996, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, tena bure:

rsync -aP data/ seva:/data/

Hiyo P si pambo. Bila hiyo, ukikatika kipande kilichokwisha kufika kinafutwa. Ukiiweka kinabaki, rudia amri ile ile, kazi inaendelea.

Na kama ni seva kwa seva, kwa nini data ipitie laptopu yako? Ingia kwenye moja, fungua screen, endesha rsync humo. Stima ipotee Kondele nzima, mzigo unasafiri tu.

Terabaiti 2? Hapo sibishani. Kwa kasi hiyo ni siku 18, disk ipande basi la usiku kwenda Nairobi.