Tezi na Omo Havifundishwi Ubaoni

Kwa miaka mingi walimu wa Kiswahili nchini wamekuwa wakiwakaririsha wanafunzi methali isemayo, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mwanafunzi huikariri, huipachika katika insha yake na kutuzwa alama. Lakini muulize tezi ni upande gani, omo ni wapi na ngama ina kazi gani, naye atakukodolea macho tu. Si kosa lake. Aghalabu hata mwalimu wake ameyapata maneno hayo kamusini, wala hajapata kukanyaga chombo cha tanga.

Ni maoni yangu kwamba kasoro hii yaweza kurekebishwa humu humu nchini. Ipo njia ya maji itokayo Lamu, ikapita Mkanda, yaani ule mlango mwembamba wa bahari utenganishao kisiwa cha Manda na bara, hadi Pate na Siyu. Kwa karne nyingi majahazi na mashua yameipita njia hiyo. Leo hii, wanaokodi vyombo hivyo kwa matembezi ni watalii hasa. Wanafunzi wetu, ambao lugha yao ya mtihani inadaiwa mengi na visiwa hivyo, huviona pichani, ikiwa huviona kabisa.

Nimepata kuipita njia hiyo pamoja na walimu wenzangu, katika mashua tuliyoikodi kwa kuchangiana. Jambo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba saa ya kuondoka haipangwi na abiria. Mkanda una maji haba, hivyo nahodha hungoja yajae. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua maji hujaa mno na kupwa mno; wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Hilo ni somo zima la jiografia, na mwalimu wake ni baharia.

Historia nayo haiko mbali. Yasimuliwa kwamba katika vita vya Shela, mnamo 1812 au 1813, jeshi la Pate na washirika wao wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu, na lilipokimbilia vyombo vyake likavikuta vimekwama mchangani, maji yamekwisha kupwa. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na mambo ya pwani nzima yakachukua mkondo mpya. Mwanafunzi asiyejua kupwa na kujaa atalielewaje tukio hilo?

Na tusisahau fasihi. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri mnamo 1858, alikuwa mwenyeji wa Pate, na mumewe alikuwa mtawala wa Siyu. Anayeufika mji huo kupitia vijito vya mikoko, akaiona ngome yake, hatamdhania tena mtunzi huyo kuwa jina tupu la kukariri. Vivyo hivyo, aliyewaona mabaharia wakilikabili tanga upepo unapogeuka hatahitaji kuelezwa kwa nini dau la mnyonge haliendi joshi.

Wapo watakaosema kwamba safari hizo ni ghali na za hatari. Hoja zao ni nzito, wala sizipuuzi. Lamu imepata kushuhudia mashambulizi, kama yale ya Mpeketoni mnamo 2014, hivyo ni lazima wakuu wa usalama wa kaunti waulizwe kwanza. Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa, kila mtoto avae jaketi la kuelea, na miezi ya kusi kali iepukwe. Ama kuhusu gharama, shule nyingi huwapeleka wanafunzi mijini kutazama majumba marefu. Fedha hizo hizo, zikichangwa na shule mbili au tatu, zaweza kukodi mashua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni wakati. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka katika karne iliyopita, na sasa twauona kwa mifano ya makumbusho tu. Injini zimechukua nafasi ya matanga katika safari nyingi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mnamo 2021, na kabla ya hapo, mnamo 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi huo. Sipingi maendeleo. Nasema tu kwamba bahari hiyo inabadilika, na manahodha wanaoijua kwa tanga wanazeeka.

Basi nawaomba walimu wenzangu waanze na jambo dogo. Wasipoweza kuwapeleka wanafunzi Lamu mwaka huu, wamwalike baharia mmoja mstaafu darasani, au waende katika ufuo ulio karibu nao. Nanyi wanafunzi, waulizeni walimu wenu maana ya kila neno mnalokaririshwa. Methali isiyoeleweka ni mzigo kwa aibebaye, na Kiswahili chetu hakistahili kuwa mzigo.