Mshahara Unaliwa Kabla ya Kupokewa

Ndugu wanachama, jambo hili twalisema bila kuficha, kwani hata sisi wa kamati limetupata. Mshahara haulali nyumbani hata usiku mmoja: nusu ni ya mwenye duka, nusu inamezwa na mikopo ya simu. Kwamba ni mdogo, twajua, na kuupigania hatujaacha. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili. Lakini katika simu anayekata ni wewe, kwa kidole chako, saa nne ya usiku.

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma siku zipatazo 12. Leo mwanachama mwenye madeni matatu atasimama siku ngapi? Mwajiri anajua jibu.

Hatusemi mtu asinywe bia yake. Twaomba hivi: siku ya mshahara, kabla hujapita dukani, weka shilingi 100 katika ushirika wa akiba, wala usiziguse hata mfuko ukikauka tarehe 15. Mwezi uliopita baadhi yetu tulizigusa. Mwezi huu tunaanza tena.