Daftari la binti husema kuliko bango la shule

Januari, stendi ya Lembeni hujaa matranka. Basi linalopanda kwenda Moshi husimama dakika chache, konda akipokea godoro, ndoo, fagio, jembe na rimu ya karatasi, huku mama akiangalia fomu ya kujiunga kama kuna kilichosahaulika. Binti anakwenda shule ya bweni ya wasichana. Mama amekagua orodha nzima, hadi idadi ya soksi. Kitu kimoja hakikuwamo kwenye ile fomu: je, huko anakokwenda, wanafundisha?

Swali hilo si dogo kwa familia ya Lembeni. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, kwa hiyo mzazi anayempeleka binti shule binafsi ya bweni amechagua mwenyewe kulipa, na analipa kwa mamilioni. Ng'ombe ameuzwa, au mkopo wa SACCOS umechukuliwa, au mjomba aliyeko Dar es Salaam ameombwa. Sababu huwa ya maana: shule ya kata iko mbali, njia ina vishawishi, jioni kuna maji ya kuchota na wadogo wa kulea. Bweni linampa binti muda. Muda huo unatumikaje, hapo ndipo wengi hawaulizi.

Wengi huangalia geti, rangi ya majengo, na bango la matokeo lililotundikwa barabarani. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini mabango hayakuacha. Bango huandika Divisheni I ngapi na kwamba sifuri hakuna. Mzazi ajue kwanza hesabu yenyewe: Kidato cha Nne hupimwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na Divisheni I huanzia pointi 7 hadi 17. Binti mwenye 7 na mwenye 17 wote wako ndani ya idadi ileile ya bangoni, ingawa milango inayowafungukia Kidato cha Tano si sawa.

La pili ni zito zaidi. Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili na ya mtihani wa Kidato cha Nne huwekwa kwenye tovuti ya Baraza, shule kwa shule. Simu hiyohiyo anayosomea mzazi magazeti inatosha. Ahesabu wasichana waliofanya Kidato cha Pili shuleni hapo mwaka 2022, kisha ahesabu waliofanya Kidato cha Nne mwaka 2024. Kama walikuwa 90 wakabaki 60, basi aulize wale 30 wako wapi. Wengine huhama kwa sababu za nyumbani, hilo hutokea. Lakini zipo shule zinazowapunguza wanafunzi dhaifu njiani kwa kisingizio cha wastani wa shule ili bango lipendeze. Shule ya namna hiyo haijafundisha vizuri, imechagua vizuri. (Na mzazi wa binti wa wastani ndiye anayelipia mchezo huo.)

Katika ukanda huu wa Upare suala hilo lina uzito wake, kwa kuwa darasa moja la bweni hukusanya watoto wa kila aina. Yuko binti wa Usangi au Ugweno aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, yuko wa Kilutheri, yuko wa Kisabato kutoka Upare ya kusini ambako Waadventista walifika tangu 1903. Yuko Mmaasai wa tambarare ya Mgagao, Mchaga wa Moshi, na wa Dar es Salaam ambaye wazazi wake wanataka awe mbali na jiji. Mmoja alisoma shule ya msingi ya Kiingereza. Mwenzake alisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na nyumbani lugha ni Chasu au Kimaasai. Siku ya kwanza wote wawili wanafundishwa Baiolojia kwa Kiingereza.

Hapo ndipo ubora wa shule unapoonekana. Mwalimu akienda na dawati la mbele, dawati la nyuma linazama bila kelele. Binti hanyooshi mkono, ananakili ubaoni asichokielewa, na akirudi likizo anasema "nzuri tu, mama" kila akiulizwa habari za masomo. Shule iliyojiandaa huanza na Kiingereza wiki za mwanzo, huwatenga kwa muda wanaohitaji msaada bila kuwaita majina, na huwapanga bwenini wakiwa wamechanganyika ili Kiingereza cha mmoja kimfae mwingine, na Hisabati ya huyo imfae yule.

Kuchanganya si jambo geni nchini. Weruweru, ng'ambo kidogo tu huko Moshi, chini ya Mama Maria Kamm aliyeiongoza tangu 1970 hadi 1992, ilipokea wasichana kutoka pande zote za nchi. Dk. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea ambaye baadaye alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, alipita pale. Wasichana wa shule za namna hiyo walitoka na masomo, na pia na marafiki wa mikoa ambayo wazazi wao hawakuwahi kufika.

Lakini mchanganyiko unataka mpango, nao mzazi ana haki ya kuuliza mapema. Majaribio ya wiki hufanyika Jumamosi? Kama ndivyo, binti wa Kisabato atafanya lini? Wa Kiislamu anaswali wapi Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani jiko linapika daku? Mkuu wa shule anayejibu maswali haya bila kukasirika amekwisha kuyafikiria. Anayejibu kwamba "hapa wote ni sawa" na kuishia hapo, mara nyingi hana jibu.

Halafu kuna daftari. Likizo ya Juni, binti akiingia na kusalimia, "Shikamoo mama," akaitikiwa na kula akashiba, tranka lifunguliwe. Mama asiyejua Kemia anaweza kulikagua daftari la Kemia. Aangalie tarehe: kazi ya mwisho kusahihishwa ni ya lini? Kalamu nyekundu ilipita mara ngapi tangu Januari? Palipo na kosa, pameandikwa sahihisho, au ni mkasi tu na saini? Kisha amwombe binti amweleze kwa Kiswahili ukurasa mmoja alioandika kwa Kiingereza. Asigombe. Binti akieleza, hata kwa kukwamakwama, kuna mtu anamfundisha. Akisoma tu maneno yaleyale kwa sauti, basi amekuwa akinakili.

Afanye hivyo kwa madaftari yote, Hisabati na Fizikia hasa, kwa sababu hayo ndiyo shule nyingi hukosa walimu na kufunika pengo kwa notisi. Palipo na miezi miwili mitupu, mzazi ampigie mwalimu wa taaluma na kumtajia somo na tarehe. Muhula wa pili huanza Julai, na kabla ya hapo awamu nyingine ya ada hudaiwa. Daftari hufika nyumbani Juni.