Nyota ya Kuazima

Katika majira ya uteuzi wa wagombea, pale kamati za vyama zinapofunga milango yao na mabaraza ya kahawa yanapofungua yao, husikika hukumu moja ikirudiwa na watu wa kila tabaka kwa yakini isiyoulizwa: fulani anauzika, fulani hauziki. Anayeuzika, kwa itikadi hii, ni mtu aliyezaliwa na kitu ndani ya nafsi yake, kitu ambacho Waingereza hukiita karisma, wazee wetu walikiita haiba, na watu wa mitaani hukiita nyota. Na asiyeuzika ni maskini aliyesahauliwa siku kitu hicho kilipogawiwa, ambaye hata akiwa na elimu, uaminifu na utumishi mrefu usio na doa, hana budi kuwapisha wenye bahati yao. Itikadi hiyo naikataa tangu mzizi hata jani. Nadai ya kuwa haiba ya kiongozi si mali yake, bali ni amana anayowekewa na wanaomtazama, kwa sababu zao wenyewe na kwa muda waupendao wao, na kwamba wanaoitafuta ndani ya mtu wanapekua nyumba ambayo kitu hicho hakijapata kulala.

Nasaba ya neno karisma ingetosha kuwafadhaisha wale wanaolitamka kwa mbwembwe. Ni neno la Kiyunani, na aliyelitangaza zaidi ya wote ni Mtume Paulo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wakalifasiri kwa neno karama. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo alikuwa akiwakemea watu waliogombea nani amejaliwa zaidi, akiwafahamisha ya kuwa karama hutolewa kwa faida ya wote wala si pambo la mwenye kupewa. Na alipozipanga kwa daraja, uongozi aliuweka wa pili kutoka mwisho, chini ya uponyaji na chini hata ya kazi ya kusaidia wengine. Katika waraka wa pili ameyataja mwenyewe maneno ya mahasimu wake, waliosema nyaraka zake ni nzito lakini akihudhuria kwa mwili ni dhaifu na usemi wake si kitu. Kwa mizani ya kamati zetu, Paulo angekatwa jina katika raundi ya kwanza.

Aliyelitoa neno hili kanisani akalitia katika elimu ya siasa ni Mjerumani Max Weber, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefariki mwaka 1920, naye alilichukua kutoka kwa wanazuoni wa sheria za kanisa, Rudolf Sohm akiwa mmoja wao. Maandishi yake juu ya karisma yalipofasiriwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1940 neno likapata mbawa, likatoka vyuoni, likaingia magazetini, na kila mwanasiasa mwenye meno mazuri akapewa. Walakini Weber hakusema wanayomsingizia. Kwake yeye jambo la maana halikuwa kiongozi ana nini, bali wafuasi wanamwonaje. Na mamlaka ya namna hiyo aliyaona kuwa dhaifu kwa hulka yake, kwa sababu mwenye nayo sharti ayathibitishe kila siku kwa matendo, na siku wafuasi wanapokosa faida waliyoitumainia huyeyuka. Alitoa mfano wa wafalme wa China, ambao mito ikifurika au mvua ikikatika walilazimika kutubu hadharani, maana mbingu zilizowaidhinisha zilionekana kuwaacha. Mfalme huyo sura yake haikubadilika kati ya mwaka wa mavuno na mwaka wa ukame.

Vijana wa leo wamelikata neno karisma kichwa na mkia wakabakiza rizz, ambalo wachapishaji wa kamusi za Oxford waliliteua kuwa neno la mwaka 2023, na maana yake ni uwezo wa mtu kumvuta mwingine, hasa katika mambo ya mapenzi. Wazee wamelicheka. Mimi sioni la kucheka, kwani kijana angalau anafahamu ya kuwa mbele ya msichana asiyetaka hapana rizz itakayofaa kitu. Ufahamu huo ni mkubwa kuliko ule wa wajumbe wengi wa kamati za uteuzi.

Lakini hujja yangu kubwa iko karibu zaidi na sisi. Ikiwa kuna mtu katika historia ya Tanganyika ambaye kila mmoja atakubali kuwa alikuwa na haiba, mtu huyo ni Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, na mwaka 1955, katika mji wa Dar es Salaam, ambako wanawake wengi hawakuzoea kuonekana mikutanoni, alisimama akawaita wake kwa waume kujiunga na TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, nao wakaja kwa wingi uliowashangaza hata viongozi wa chama. Wasimulizi wavivu husema: alikuwa na nyota. Naam, lakini na tutazame nyota hiyo iliwaka kwa mafuta ya nani. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, katika kikundi cha Bomba, na vikundi vya lelemama vya Dar es Salaam vilikuwa jumuiya zilizokamilika, zenye viongozi, sare, michango, mashindano na siri zake, ambamo wauza vitumbua na wapika pombe walikuwa wamekwisha jifunza kukusanyana, kutii mpango na kuchangia jambo la pamoja miaka mingi kabla chama hakijaja na kadi zake. Alipokwenda kwao hakwenda kama mgeni wa kuwaroga kwa ulimi. Alikwenda kama mwenzao waliyemfahamu sauti, nao wakaipeleka sauti hiyo nyumba kwa nyumba, ua kwa ua, pasipokuwa na gari wala kipaza sauti. Kusema kwamba umati ule ulivutwa na nafsi ya mtu mmoja ni kuwadhulumu wanawake wale kazi yao, na dhuluma hiyo tunaikariri kila tunapowasifu mashujaa peke yao.

Na burhani ikaja miaka kumi baadaye. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo wagombea wawili wa chama kimoja walishindanishwa kwa alama ya jembe na ya nyumba, Bibi Titi, mwenye sauti ile ile iliyotetemesha viwanja vya Dar es Salaam, alishindwa Rufiji. Kisha yakafuata ya kufuata: akajiuzulu nyadhifa za chama mwaka 1967, akashitakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972, na miaka mingi ikapita hapana aliyelitaja jina lake majukwaani. Leo barabara kubwa ya mji ina jina hilo. Nawauliza wanaoamini kwamba haiba hukaa ndani ya mtu: katika miaka hiyo yote ya kimya, haiba ya Bibi Titi ilikuwa imekwenda wapi? Kwame Nkrumah wa Ghana naye, aliyeandikwa na wataalamu wa Magharibi katika miaka ya 1950 kuwa kielelezo cha karisma barani Afrika, alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966 akiwa safarini Asia, na sanamu yake ikaangushwa Accra na watu wakicheza barabarani.

Itikadi potofu isingedumu kama isingekuwa na wachuuzi. Wako wa aina mbili, nao hudharauliana bure. Wa kwanza ni yule ambaye kibao chake cha bati kimepigiliwa kwenye mti au nguzo ya umeme, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: kusafisha nyota, mvuto wa biashara, kumrudisha aliyekuacha, na chini namba ya simu. Wa pili amevaa suti, hukodi ukumbi wa hoteli, na kwa kiingilio kikubwa hufundisha jinsi ya kutabasamu, kukaza macho na kupanga mikono. Wote wawili huuza dhana moja, ya kuwa mvuto ni kitu kinachoweza kupakwa juu ya mtu bila ya watu wengine kuhusishwa. Ila yule wa bati, kwa insafu niseme, huogopa kidogo kwamba nyota inaweza kuibwa, na kwa hofu hiyo amekaribia ukweli kumpita mwenzake.

Sikatai ya kuwa wako watu wenye sauti tamu na kimo cha kupendeza, wala kwamba ni raha kuwasikiliza. Ninachokataa ni kuwapa nchi kwa ajili ya raha hiyo, na kuudhania umati uliokuja kumwona mwanamuziki, ukaletwa kwa malori na kuvikwa fulana, kuwa ni ushahidi wa kilichomo kifuani mwa mgombea. Waingereza wenyewe walitoa somo hilo mwaka 1945. Winston Churchill, ambaye hotuba zake zililishika taifa wakati wa vita, alizunguka nchi akishangiliwa na maelfu barabarani, na kura zilipohesabiwa chama cha Clement Attlee kikapata viti 393 na kumwangusha. Attlee alikuwa mtu mkimya, mwenye upara na maneno mafupi, na wakubwa wa chama chake walikuwa wamemtaka ajiuzulu uongozi kabla ya uchaguzi kwa kuwa hakuwa na mvuto; hata siku ya ushindi wako waliopanga kumbadilisha. Yeye akaenda kwa mfalme akakabidhiwa kazi yake. Serikali yake ikaiachia India uhuru mwaka 1947, ikafungua huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, na leo ni wachache mno, hata huko kwao, wawezao kukariri sentensi moja ya hotuba zake.